Wombati Wenu Hatishi

Noelene Stubbings,
Katibu, Klabu ya Wapenda Miteremko,
Nerang, Queensland, Australia.
Jumatatu, 8 Septemba.

Kwa Meneja Mkuu,
Bustani ya Michezo ya Corella.

Ndugu Meneja Mkuu,

Yah: MALALAMIKO KUHUSU UREFU, MWENDO NA TABASAMU LA ROLA KOSTA YENU MPYA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mafundi wako wote, hata yule wa kreni aliyekuwa akitupungia mkono kila asubuhi, kisha kuanzia mwezi wa tano akaacha. Sisi huku tu wazima, ila roho ndiyo haijatulia.

Mimi ni dereva mstaafu wa basi la shule, na ni katibu wa klabu yenye wanachama sitini na mmoja ambao hawana ugonjwa mwingine isipokuwa kupenda rola kosta, hivyo vitreni vya kupanda juu na kuporomoka kwa kasi. Kila tunayoipanda kwa mara ya kwanza tunaiandika daftarini. Mimi nimefikisha mia tatu na kumi na mbili. Mume wangu Merv ana sifuri. Kwa miaka thelathini na nne amekuwa akinisindikiza, anabaki chini ameshika kofia yangu, miwani yangu na chipsi zangu, nami nikipita juu ananipungia. Nikishuka ananiuliza, "Ilikuwaje, mpenzi?" Namjibu, "Kali." Basi, tunaenda zetu kula. Ndoa yetu haijawahi kuhitaji maelezo zaidi ya hayo.

Sasa mmekuja ninyi na hii mnayoiita Mbio za Wombati, jina la yule mnyama wetu mnene wa kuchimba mashimo. Wiki iliyopita mmetangaza kwamba itafunguliwa Jumamosi tarehe 20, siku ya kwanza ya likizo ya shule, kwamba urefu wake ni mita kumi na mbili, mwendo wake kilomita arobaini na sita kwa saa, na kwamba ni "ya familia nzima". Merv alilisoma tangazo hilo tukiwa tunakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Hii naiweza. Hii nitapanda na wewe."

Ndugu Meneja, tangu siku hiyo chakula hakipiti. Niruhusu nieleze kwa utaratibu.

1. Kuhusu urefu. Kwa miezi kumi na minne wanachama wetu walisimama nje ya uzio wenu kwa zamu, na viti vya kukunja, na darubini, na soseji ndani ya mkate. Turubai lenu la kijani lina tundu kwenye kona ya kaskazini. (Tundu hilo tulilikuta.) Kupitia hapo tulihesabu misingi ya zege sitini na minne. Tulipima kivuli cha ile nguzo ndefu, nikapiga hesabu mara tatu, na mara zote tatu ikaja mita arobaini. Nikatoa toleo maalumu la gazeti la klabu, kichwa cha habari kimetanda ukurasa mzima: MITA AROBAINI. Leo mnatuambia kumi na mbili. Mita ishirini na nane zimekwenda wapi?

Najua mtasema ile nguzo ni ya taa za maegesho. Ndiyo, tumeiona ikiwaka. Warwick Thiele, mwanachama ambaye hajanisamehe tangu nilipomshinda uchaguzi wa ukatibu, alinipigia simu saa ileile. "Noelene," akasema, "mteremko wako umeota balbu." Akacheka mpaka simu ikakatika. Najua pia kwamba misingi ishirini na miwili kati ya ile sitini na minne ni ya vyoo. Merv ni fundi bomba mstaafu, na aliniambia hivyo tangu mwezi wa pili, baada ya kuchungulia mara moja tu: "Yale ni mabomba ya inchi nne, mpenzi. Pale watu watajisaidia, hawatapinduka." Nikamwambia abaki na mabomba yake.

Lakini hoja yangu si nguzo wala vyoo. Hoja yangu ni kwamba mlijua tunatarajia mita arobaini. Tuliwaletea nakala kumi na mbili za gazeti letu hapo getini, na mlinzi wenu akazipokea kwa mikono miwili, akasema asante. Hamkukanusha. Wahenga walisema kunyamaza ni kukubali. Haiwezekani mtu amwache mwenzake atarajie kwa miezi kumi na minne, kwenye jua la Queensland, halafu aje aseme eti yeye hakuahidi kitu. Sisi tumetimiza wajibu wetu wa kutarajia. Sasa timizeni wenu.

2. Kuhusu mwendo. Kilomita arobaini na sita. Nilikuwa nikiendesha basi la shule kwa mwendo mkubwa kuliko huo, na watoto walikuwa wakisinzia.

3. Kuhusu tabasamu. Mbele ya treni yenu mmeweka kichwa cha wombati chenye meno mawili, tai ya kipepeo, na tabasamu la mtu aliyetoka kula harusini. Nani atamwogopa huyo? Wombati wa kweli hatabasamu. Yeyote aliyewahi kumkuta mmoja akifukua chini ya sakafu ya nyumba yake anajua wombati anakuangaliaje. Mngekichukua kichwa cha namna hiyo, cha mnyama anayekuona wewe ndiye mvamizi, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha. Nasema haya kwa kuwapenda, maana mlipojenga ile yenu kubwa ya mwaka wa 2009 tuliwasifu nchi nzima. Labda kosa ni letu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

4. Kuhusu kimo cha abiria. Mmeandika kwamba ataruhusiwa kupanda yeyote aliyefikisha sentimita tisini na tano. Hicho ni kimo cha mtu ambaye bado anafungwa viatu na mama yake. Watoto wa kimo hicho watapanda, watashuka wanacheka, watataka kurudia, na kila aliye kwenye foleni atawaona. Tunaomba kimo kiwe sentimita mia moja na arobaini. Kwa kifupi, klabu haina ugomvi na rola kosta ya familia, mradi familia zisipande. Zinaweza kuketi pembeni na kutazama, kama alivyofanya Merv, na zitaona kutazama nako kuna utamu wake.

Hoja hizo nne zilipitishwa na kamati kwa kura kumi na moja dhidi ya moja. Hiyo moja mnaweza kukisia ni ya nani. Hoja inayofuata haikupigiwa kura. Nimeiongeza mwenyewe, Merv akiwa nje anakata majani.

5. Kuhusu mume wangu. Kwa miaka thelathini na nne mtu huyu amenitazama nikipita kichwa chini miguu juu, na hajaniambia hata siku moja kwamba nimerukwa na akili. Dada zake wanaenda likizo Fiji, yeye amekwenda Ohio, Marekani, mara tatu, kwa sababu ya rola kosta za huko. Siku aliyotimiza miaka sitini tulimkatia keki tukiwa kwenye foleni. Ameyavumilia yote hayo kwa sababu anaamini kwamba huko juu kuna jambo kubwa ambalo mkewe analiweza na yeye haliwezi.

Sasa atapanda Mbio za Wombati. Sekunde hamsini na tano. Atashuka, atachukua kofia yake, ataniangalia na kusema, "Kumbe ni hivi tu?"

Ndugu Meneja, sentensi hiyo naiogopa kuliko mteremko wowote niliowahi kuuona. Nikiisikia, miaka thelathini na nne imekwenda na maji. Sisemi asipande. Miaka yote hii nimekuwa nikitamani apande, na sijawahi kumwomba kwa sababu nilijua angekubali kwa ajili yangu halafu angeteseka. Sasa amejitolea mwenyewe, na mimi nina furaha na hofu pamoja. Naomba tu asije akapimia maisha yangu kwenye mnyama mwenye tai.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, ikiwezekana kabla ya tarehe 20.

Kwanza kabisa, inueni reli ifike mita arobaini. Kama muda hautoshi kupanda juu, chimbeni. Chini kuna nafasi ya kutosha, na hakuna jirani atakayelalamika kwamba mmemzibia mandhari.

Kama hata kuchimba kumeshindikana, basi nisaidieni kwa mambo madogo yasiyohitaji zege. Siku hiyo, saa tatu asubuhi, atafika mzee mrefu, mwembamba, kofia nyeupe ya kitambaa, mafuta meupe ya jua yamejaa puani. Huyo ndiye Merv. Mfanyakazi wenu akikagua chuma cha kumzuia kitini, akikague mara mbili, kisha atikise kichwa kidogo. Mwingine amuulize kwa upole jina la ndugu yake wa karibu na namba yake ya simu. Gari la wagonjwa liegeshwe mahali linapoonekana, milango ya nyuma ikiwa wazi. Wombati afunikwe gunia. Vipaza sauti vipige mayowe yaliyorekodiwa kwenye ile yenu kubwa. Mengi yake ni yangu, nawapa ruhusa.

Kuhusu watoto watakaotangulia, wale wa kucheka watolewe kwa mlango wa nyuma. Wawili watatu wabebwe kwa machela. Wazazi wakiombwa vizuri hawatakataa, watu wa Nerang ni waungwana.

Tukikosa jibu, klabu itachukua hatua ambayo hatujawahi kuichukua dhidi ya bustani yoyote. Tutakuja wote sitini na mmoja siku ya ufunguzi, tutapanda, na hakuna hata mmoja atakayeinua mikono juu kwa shangwe treni ikiporomoka.

Naomba unisalimie mafundi wote, mlinzi wa getini, yule mama wa aiskrimu aliyekuwa akitupa maji ya baridi pale uzioni, na huyo bwana wa kreni, mwambie hatuna kinyongo naye. Merv anasalimia pia, ingawa hajui kwamba nimeandika.

Wako mtiifu hadi mwisho wa reli,

Noelene Stubbings (Bi.)
Katibu

Nyongeza, Jumapili, 21 Septemba.

Ndugu Meneja, barua hii ilisahaulika ndani ya gari kwa muda wa wiki mbili, chini ya kiti. Katiba ya klabu inanilazimu kutuma kila kilichopigiwa kura, ndiyo maana unaipata. Naomba usiitekeleze. Kama kuna fundi ameshaanza kuchimba, afukie.

Jana tulipanda. Hamkuweka gari la wagonjwa wala gunia. Nyuma yetu kwenye foleni alikuwepo binti wa miaka saba hivi, ambaye alikuwa amekwisha kupanda mara nne. Alimwangalia Merv, akamwambia, "Babu, ukiogopa fumba macho. Mimi mara ya kwanza nilifumba." Merv akasema, "Asante, mwanangu," akajaribu kufumba palepale.

Mteremko wa kwanza alifumba macho. Kwenye ule wa pili, pale reli inapokata kushoto juu ya bwawa la bata, alinikamata mkono kwa mikono yake yote miwili na kutamka neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya ofisi. Hakuuachia mpaka treni iliposimama. Hata iliposimama hakuuachia. Tulikwenda kuketi, nikamnunulia soda, hakuinywa. Mimi nilikuwa nasubiri ile sentensi.

Baada ya muda akauliza, "Ile kubwa kule, yenye kupinduka. Umeipanda mara ngapi?"

Nikamwambia mia moja na themanini na kitu.

Akaitazama ile kubwa, akanitazama mimi, kwa muda mrefu, namna ambavyo hajanitazama tangu tulipokuwa vijana. Akasema, "Noelene. Na mimi miaka yote hii nilidhani unakaa tu mle ndani."

Nililia, sioni aibu kukuambia. Warwick alikuwa anapita akaniona, na kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi alinivulia kofia.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nayafuta: urefu unatosha, mwendo unatosha, na wombati aachwe na tabasamu lake. Nina ombi moja tu lililobaki. Leo baada ya chakula cha mchana Merv alijifungia kibandani kwake na kalamu na karatasi. Anawaandikia ninyi. Anataka ule mteremko wa pili upunguzwe mita mbili na treni iende polepole kwa ajili ya usalama wa wazee, na amesema amechora mchoro. Tafadhali, barua hiyo ikifika, mpokeeni kwa heshima, mumjibu vizuri, na msipunguze hata sentimita moja. Jumanne tunarudi, na amekwisha sema anataka kukaa kiti cha mbele.