Kamera Nne na Mlango wa Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Kuna mtu amejaribu kuvunja kufuli la stoo. Mke wangu aliona mikwaruzo asubuhi alipokwenda kuchukua vitambaa. Stoo ndiyo karakana yake: cherehani tatu, pasi, na sare mia mbili za shule zinazosubiriwa wiki hii. Zikiondoka hizo, tumekwisha. Hakulia. Alibadilisha kufuli, akanituma nikanunue kamera nne, akasema atatafuta fundi wa kuzifunga.

Nikamwambia fundi wa nini. Nimekaa dirishani posta miaka ishirini na sita, hadi kustaafu. Kutazama watu ndiyo kazi yangu.

Sababu ya pili naiandika hapa tu. Jirani yetu, refa mstaafu wa mpira, ana kamera mbili ukutani. Kila apitaye huzisifu. Mimi nitakuwa na nne.

Jumanne, 5 Machi

Nimezifunga zote kwa mikono yangu. Zote nne upande wa barabarani, juu ya geti, zimejipanga kama askari wa gwaride. Skrubu tatu zimebaki. Za akiba, bila shaka.

Refa alipita mara mbili. Mara ya pili alisimama, akatazama juu, akauliza kama nategemea mwizi apige hodi. Wivu mtupu.

Mke wangu aliporudi alizitazama kwa muda. Akauliza stoo iko upande gani wa nyumba. Nikamjibu iko nyuma. Akasema ahsante, alidhani imehama. Kisha akaingia ndani kupiga simu.

Jumatano, 6 Machi

Fundi amekuja. Nilitegemea mwanamume mwenye gari. Akaja binti mwembamba mwenye begi la vifaa mgongoni. Aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaomba jambo la ajabu: tufunge milango, tukae sebuleni, tumpe dakika kumi.

Nilimchungulia akizunguka nje taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayechagua kiwanja. Kisha kimya. Nikamnong'oneza mke wangu kwamba kazi imemshinda huyo, ameshaondoka.

"Nipo, baba," ikasema sauti nyuma yangu.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na glasi ya maji mkononi. Alipanda juu ya tangi la maji, akavuka paa la bafu la nje, akasukuma dirisha la jikoni ambalo komeo lake nimeahidi kulitengeneza tangu mwaka juzi. Dakika sita. Kamera zangu nne hazikuona hata kivuli chake.

Ningeweza kukasirika. Lakini mtu anayejua kazi yake ni raha kumtazama, na leo nimemtazama kutwa nzima. Alimwuliza mke wangu nguo huanikwa wapi, maana shuka likitundikwa mbele ya kamera, kamera hulinda shuka. Aliuliza jua la jioni hupiga ukuta upi, akaihamisha moja isije ikapofuka kila saa kumi na moja. Akanivalisha kofia, akanipitisha getini mara tano huku akishusha kamera kidogo kidogo. Alisema ukiiweka juu sana utakusanya picha nzuri za kofia, na polisi hawatafuti kofia.

Basi ya kwanza inaangalia geti, usawa wa kuona sura. Ya pili inaangalia tangi. Ya tatu, mlango na dirisha la jikoni. Ya nne iko chini ya paa la stoo, inaona mlango wa stoo na pia inaiona ile ya tatu. Nikamwuliza kwa nini kamera iangalie kamera.

"Mlinzi naye alindwe, baba."

Nikapendekeza moja ielekezwe uani kwa Refa, kwa usalama wa mtaa. Akasema macho yetu yaishie kwetu. Picha zote akaziunganisha na simu ya mke wangu. Simu yangu ilikosa nafasi. Komeo la dirisha alilitengeneza bila kuambiwa, kabla sijakumbuka bisibisi iko wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefikiri siku mbili. Mtu anayecheka kamera za wenzake lazima ana lake jambo nyuma ya ukuta. Labda ana kamera zaidi alizozificha. Labda ana sita.

Mke wangu alikwenda shuleni kupima watoto. Nikaegemeza ngazi kwenye ukuta wa nje wa jikoni, nikaigeuza ile ya tatu kidogo tu, ikachungulia uani kwa Refa. Kazi safi. Hakuna aliyeniona.

Mke wangu alirudi mchangamfu kupita kawaida. Akaniuliza mgongo unaendeleaje. Nikamjibu mgongo mzima, una nini?

Jumamosi, 9 Machi

Mwizi amekuja. Saa sita mchana, jua la utosi.

Mke wangu alikuwa shuleni akikabidhi fungu la kwanza la sare. Mimi nilikuwa kwenye kochi nikipumzisha macho. Jamaa alipitia kwenye tangi, vilevile kama Fundi, akaenda moja kwa moja stoo na chuma mkononi. Simu ya mke wangu ikatetemeka mbele ya mwalimu mkuu. Alimpigia kwanza Refa. Kisha akabonyeza kitufe ambacho mimi sikujua kipo, akazungumza kupitia kamera ya nne kwa sauti ileile anayotumia kuwaambia wateja kwamba kiuno kimeongezeka.

"Kaka mwenye shati la kijani, habari za mchana. Sura yako ninayo. Weka hicho chuma chini, urudi ulikotokea."

Jamaa akaweka chuma chini. Akaparamia ukuta, akaangukia uani kwa Refa, na Refa alikuwa amesimama pale akimngoja. Wanasema hakumgusa. Alinyoosha kidole tu kuonyesha chini, na jamaa akakaa. Polisi walimkuta amekaa vilevile.

Mimi niliamshwa na sauti ya mke wangu. Nikauliza kama chakula kiko tayari. Hakuna aliyejibu, nikalala tena.

Jioni alinikalisha tutazame. Kamera ya pili ilimnasa akipanda. Ya nne ilinasa sura yake yote, mpaka kovu la kidevuni. Ya tatu ilikuwa na Refa, asubuhi kabla ya mwizi. Amemleta mama yake mzazi kivulini, kwenye kiti, ajuza asiyeweza kusimama. Anamchana nywele taratibu, anamsimulia kitu, na bibi anacheka bila sauti. Dakika arobaini. Hapana kamera ya sita. Hapana kitu chochote cha kuficha. Nikaona haya, nikatazama zulia.

Mke wangu akaifuta picha hiyo. Kisha akanionyesha ya jana, kutoka kamera ya nne: mimi juu ya ngazi, suruali imeshuka, ulimi nje, naigeuza ya tatu. Aliniona palepale, akiwa anapima mabega ya watoto.

Nikamwuliza mbona hakusema kitu kupitia spika.

"Ungeshtuka ukaanguka, baba watoto. Mwizi nitampata mwingine, mume sina wa akiba."

Nikaenda kwa Refa kumshukuru. Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaniambia kwamba zile zake mbili ni maganda matupu, ndani hamna kitu, na akaomba namba ya Fundi. Mtu huyu alimkabili mwizi akiwa na kidole tu. Nilirudi nyumbani nikiapa kwamba sitagusa kamera tena maisha yangu yote.

Jumapili, 10 Machi

Siku njema. Fungu la mwisho la sare lilipokelewa jana alasiri, na shule imeagiza mia nyingine. Saa kumi Fundi analeta wanafunzi wake watano waone kamera zilivyopangwa. Mke wangu ndiye atakayewaeleza. Amestahili, siwezi kukataa. Mimi nitakuwa getini kuwapokea wageni, wote wakitazama picha moja kwa moja kwenye simu.

Nimejiona leo asubuhi jinsi ninavyotokea pale getini. Ile ya kwanza inanichukua upande ambao nywele zimehama. Upande wa pili bado ninazo za kutosha.

Sitaigeuza. Nitaisogeza vidole viwili tu kushoto. Mke wangu yuko ndani anapiga pasi, simu anayo mkononi, ana shughuli zake. Hakuna atakayeniona.