Insha Mia Moja Arobaini na Mbili za Bidii

Jumatatu, 3 Novemba

Insha mia moja arobaini na mbili! Zimefungwa kwa kamba, zimekaa mezani kama mgeni asiyejua kuaga. Mada: "Bidii". Niliichagua mwenyewe mwezi wa tisa, siku ambayo sikukumbuka kwamba atakayezisoma ni mimi.

Mwalimu Mkuu kaniita ofisini. Mama yule hasemi sana, anatazama. Alisema anataka alama zote mezani kwake Ijumaa saa sita mchana. Akanikumbusha kwamba muhula uliopita nilichelewa siku tisa, na insha kumi na moja zikaja kupatikana chini ya kochi langu. Nikichelewa tena, ukuu wa idara ya Kiswahili unahamia kwa mwingine. Ukuu! Yaani kabati lenye ufunguo, na kiti cha kuegemeza mikono, cha pekee katika chumba kizima cha walimu.

Ana utaratibu mpya pia. Insha hazina majina, zina namba tu, na daftari la namba kalifungia kwake. Eti kuna walimu wenye watoto darasani. Tuko wawili: mimi na binti yangu, na jirani yangu wa meza, mwalimu wa Hesabu, na mwanawe. Huyu wa Hesabu humu ndani nitamwita Bwana Rula. Leo kabla ya chai alikuwa keshakabidhi alama zake zote, safi, zimenyooka kama sare mpya. Kisha akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole wa nini? Kejeli tupu.

Mimi si mvivu. Iandikwe. Kusahihisha kunataka mori, na mori haupandi kwa amri. Wiki hii hakuna vipindi, muda upo tele. Nimeifungua kamba. Kwa siku ya kwanza inatosha.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemjua adui: simu. Nimemkabidhi mke wangu, nikamwambia aifiche, na hata nikilia asinionyeshe. Yeye ni muuguzi, vilio havimtishi. Akaificha, akavaa viatu vyake vyeupe pale mlangoni, akaenda zamu.

Nikakaa. Nikasoma insha ya kwanza. "Bidii ni nzuri sana kwa sababu ina uzuri." Nikafumba macho. Papo hapo likanijia wazo: je, Mwalimu Mkuu akipiga? Hilo ni jambo la kikazi kabisa! Nikaanza kutafuta. Chini ya godoro, juu ya kabati, nyuma ya friji, ndani ya viatu. Saa nne nzima, sikupumzika hata dakika moja. Niliipata ndani ya ndoo ya unga. Hakuna aliyepiga.

Mke wangu aliporudi alinikuta na unga hadi kwenye nyusi. Nikamweleza habari za mori. Akasema wagonjwa wake hawajawahi kungoja mori wake upande. Maneno ya mtu aliyechoka. Nimemsamehe.

Binti yangu aliniletea chai, akasimama mlangoni. Akauliza kama nimeshaifikia insha yake. Nikamweleza kanuni: namba za watu sizijui wala sitaki kuzijua.

"Ukiifikia utaijua, Baba," akasema, akaondoka.

Vijana na majivuno yao! Insha nne leo.

Jumatano, 5 Novemba

Redioni kulikuwa na mtaalamu. Alisema asiye na hamu ya kazi asiingoje hamu. Aanze dakika tano tu, hamu itamfuata yenyewe. Rahisi mno! Nikatega saa. Dakika tano za kwanza zilikwisha nikiwa bado najaribu kalamu nyekundu. Ziko tatu, zote zinaandika, nimehakikisha. Nikatega tena. Safari hii nilichonga penseli. Kusahihishia haitumiki, lakini mkono ulikuwa umeshashika kasi. Hivyo hivyo, dakika tano mara kumi na mbili. Saa nzima ya bidii!

Mtaalamu alisema pia mtu ajipe zawadi. Nikanunua pakiti ya biskuti: insha moja, biskuti moja. Nikazila zote kwanza, zisije zikanivuruga akili.

Alasiri akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi. Nikamwambia si kila mtu huaminiwa kushika kalamu nyekundu. Macho yakamng'aa. Nikampa rundo, nikaenda kujinyoosha kidogo. Nilipoamka alikuwa amemaliza thelathini na moja. Thelathini na moja! Nilitaka kumbusu. Nikatazama alama. Arobaini kwa arobaini. Wote. Hata yule aliyeandika mistari mitatu na kuchora ng'ombe.

Nikamuuliza ni nini hiki. Akanijibu bila wasiwasi, "Shemeji, kwetu mteja haambiwi kichwa chake kibaya."

Nimezifuta moja moja. Karatasi zina madoa mekundu utadhani zimeumwa na mbu. Mwenyewe nilisahihisha sita. Jumla kumi. Mwelekeo si mbaya.

Alhamisi, 6 Novemba

Furaha! Furaha isiyo kifani!

Nilichomoa insha moja katikati ya rundo, nibadilishe upepo. Namba themanini na saba. Nanukuu, maana lulu kama hii haifichwi:

"Kuna mwanamume ninayemfahamu, anaiheshimu kazi kiasi kwamba haigusi. Kabla ya kuanza hufuta miwani, kisha meza, kisha dirisha, awaone vizuri watu wanaofanya kazi huko nje. Mke wake akienda zamu hubeba viatu vyake vyeupe mkononi mpaka afike mlangoni, asije akamfukuzia mori. Ni mtu mwenye roho nzuri. Husema 'kesho' kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Watu wa nyumbani kwake wamejifunza kutomwomba kitu. Hawana hasira. Wamezoea."

Nilicheka mpaka jirani wa nyumba ya pili akagonga ukuta. Mwanamume wa insha hii ni Bwana Rula! Miwani anayo. Meza yake iko dirishani. Neno "mori" kalidaka kwangu, si tunakaa bega kwa bega? Na anayemaliza kazi Jumatatu kabla ya chai, ni wazi hakuna anachofanya. Maskini mwanawe, kumbe haya ndiyo yanayomkaa moyoni. Mistari ya mwisho imelegea kidogo, inahuzunisha bila sababu. Hata hivyo nimempa thelathini na tisa. Ya kumi na moja hiyo.

Mori umepanda! Nimekwenda mbio hadi kwa mtu wa fotokopi. Kulikuwa na foleni, mashine ikakwama, umeme ukakatika, sikutikisika. Nimerudi jioni na nakala kumi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nitaandika yote.

Saa nne, wakati wa chai, walimu wote chumbani. Nikagawa nakala. Nikasimama, nikasoma kwa sauti, nikimkazia macho Bwana Rula. Watu walicheka! Walicheka kuliko nilivyotarajia, wengine wakashika meza. Bwana Rula naye alicheka mwanzoni. Nilipofika kwenye viatu vyeupe, akaacha.

"Mwalimu," akasema polepole, "inatosha. Kaa unywe chai."

Nikajua imemchoma. Nikapandisha sauti! Nikasoma "Wamezoea" kama mtu anayetangaza mshindi.

Hapo bibie mmoja kijana, mwalimu wa Fasihi katika idara yangu, akauliza, kwa adabu zote, kama mke wa mwalimu wa Hesabu si ndiye mwenye duka la vitambaa, na zamu anayokwenda ni ya wapi. Watu walianza kuvitazama vikombe vyao.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini. Akaniomba namba. Akaenda kuleta daftari, akageuza kurasa, akaweka kidole.

"Themanini na saba ni binti yako."

Nilichoweza kusema ni kwamba mwandiko wake umeboreka.

Kisha akauliza zimebaki ngapi. Mia moja thelathini na moja. Hakugomba. Alizigawa pale pale kwa wenzangu wa idara, na Bwana Rula akajitolea kujumlisha alama bila kuombwa. Saa kumi wakawa wamemaliza, huku wakipiga soga. Kabla ya kengele ya mwisho bibie wa Fasihi alikuwa ameshakalia kile kiti cha kuegemeza mikono. Miguu yake haifiki hata chini vizuri.

Jumamosi, 8 Novemba

Mke wangu ameshasikia, mji wote umeshasikia. Asubuhi alitoka akiwa amevaa viatu vyake tangu chumbani. Ko, ko, ko, mpaka mlangoni.

Nikamwita binti yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya heshima kwa wazazi. Aliponitazama, hotuba ikapotea.

"Niliandika ili uisome wewe," akasema. "Sikuandika ili uwasomee."

Sauti yake haikupanda. Afadhali angepiga kelele. Nikamwambia anaandika vizuri, kuliko mimi. Hilo ni kweli, na sikumwambia mtu mwingine.

Akaenda chumbani kwake, akaleta karatasi tatu. Hadithi yake ya shindano la shule, inatakiwa Jumatatu asubuhi. Aliniomba niisome kabla ya Jumapili mchana, nimwambie inapochechemea. Kurasa tatu! Nikamwapia. Nikamshika bega. Alitabasamu nusu, lakini alitabasamu.

Jumapili, 9 Novemba

Kazi ya mwanangu haisomwi hivi hivi. Asubuhi nimefanya usafi wa meza. Nikatafuta faili la kuitunzia, la rangi ya heshima. Nikaoga. Nikakata kucha. Nilitaka niisome kwa kichwa kitulivu, na kichwa kitulivu hujengwa.

Saa sita nikatazama nje. Binti yangu yuko getini na Bwana Rula, aliyekuwa akipita kutoka sokoni na mfuko wa vitunguu. Amesimama juani, mfuko katikati ya miguu, anasoma karatasi tatu. Zangu! Nikatazama mezani. Faili tupu. Aliandika vitu viwili vitatu pembeni kwa penseli, akamrudishia, akabeba vitunguu vyake. Haikufika hata robo saa.

Nikamwita binti yangu ndani. Nikamuuliza mtu wa Hesabu anajua nini kuhusu hadithi.

"Amesoma, Baba," akasema.

Basi nikamkalisha, nikamfafanulia tofauti kati ya kusoma na kusoma. Nikagusa subira, maandalizi, uzito wa neno, na walimu wanaokurupuka. Nilizungumza saa nzima na nusu, nimesimama, bila kunywa hata maji. Nilipomaliza alikuwa amelala kwenye kiti, penseli mkononi.

Saa nzima na nusu! Halafu watu waseme sijitumi.