Dawa ya Kuguswa na Mama Pasi

Sabuni, aliyepewa jina hilo kwa kuteleza kila anapokamatwa, aliipata habari akiwa kwa kinyozi. Kwenye karakana moja ya ushonaji, mafundi wameacha kugusa mkasi, benchi, hata kitasa cha choo, kwa sababu mpiga pasi wao, Mama Pasi, amesema waziwazi kuwa anaishi na virusi vya ukimwi. Sabuni akashukuru. Woga wa bure ni shamba lisilohitaji mvua.

Kesho yake akatinga pale na koti jeupe na chupa za maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya bluu.

"Hii ni Kinga-Mguso. Unapaka viganjani. Kirusi kikigusa, kinateleza."

"Kikija kwa hewa?" aliuliza fundi wa makoti.

"Unainusa."

"Na chooni?"

"Chooni ni chupa mbili, kaka. Tusidanganyane."

Mifuko ya mafundi ilikuwa mitupu, wakalipa kwa nguo za wateja zilizokuwa zikining'inia: suti mbili za sufu na mashati sita. Suti moja Sabuni akaivaa palepale, suruali yake kuukuu akaitupa kwenye pipa la vitambaa.

"Imekukaa, daktari," Mama Pasi alisema kutoka pembeni. "Nimeipiga pasi asubuhi hii."

Sabuni akaganda. "Hii?"

"Na mashati yote. Kola ilikuwa kaidi, nikaitemea mate kidogo. Lakini wewe una dawa, mwanangu, wasiwasi wa nini?"

Kwa miaka kumi Sabuni alikuwa ameuza uongo wa kila aina. Huu mmoja, kwamba virusi huambukizwa kwa kugusana, kwa bahati mbaya alikuwa akiuamini. Akajimiminia chupa nzima kichwani, kisha akakumbuka chumvi ile aliichota jikoni kwake. Akavua suti, akatupa mashati, akatoka mbio akiwa na chupi tu kuelekea zahanati.

Mafundi wakazitazama nguo sakafuni.

"Kwa hiyo zote hizi..." fundi wa makoti alianza.

"Zote, kwa miaka minane, na virusi ninavyo," alisema Mama Pasi. "Niokotee hilo shati, baba."

Akaliokota.

Zahanatini, muuguzi alimfunika Sabuni shuka na kumweleza taratibu: hakuna anayeambukizwa kwa nguo, kwa mate, kwa kushikana mikono wala kwa choo.

"Kweli, dada?"

"Kweli kabisa."

Sabuni akaangua kilio. Waliokuwa kwenye foleni wakadhani ni furaha.

"Suti mbili," alikuwa akinong'ona ndani ya shuka. "Suti mbili za sufu."