Kituo cha Macho na Magoti ya Wazee wa Murara

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Ngazi ya Juu, ambaye hakuweza kufika lakini ametuma kiti chake. Bwana Shefu wa kartie, mutaa wetu huu wa Murara. Waheshimiwa mapadri, masista na wachungaji. Bwana Mupiga picha, sogea hapa mbele. Madame Olive, bibi yangu wa ndoa mupendwa, mwenye kofia ya kijani. Bapapa na bamama, nguzo zetu zinazotembea kwa fimbo. Protokoli yote imeheshimiwa, na kama kuna mutu nimesahau asinikasirikie, kwa sababu leo tunazungumza juu ya kusahau. (Kicheko. Mpiga picha anasogea.)

Mimi, Josias Bagalwa, Koordonateri Mukuu wa Programu ya Kuzeeka kwa Heshima, nimekaa katika semina kumi na ine, nimekula chakula cha hoteli ambacho hakipatani na tumbo langu, yote kwa ajili ya magoti yenu. (Makofi kutoka safu ya mbele, penye viti.) Etidi yetu, uchunguzi uliofanywa kwa mbinu shirikishi na endelevu, imegundua kwamba asilimia themanini na saba nukta nne ya wazee wa Goma wana umri mukubwa. (Minong'ono.) Ndiyo, mushituke! Tena imegundua kwamba mutu akizeeka, magoti yanalalamika kabla mwenyewe hajasimama. Mifupa inakuwa myepesi na bidoni ya maji inakuwa nzito, ijapokuwa bidoni ni ile ile. Masikio yanachagua maneno. Tansio ya damu inapanda, na dokta anakataza chumvi, ambayo ndiyo ladha pekee ulimi ulikuwa bado unaikumbuka. Muzee anajibu polepole, watoto wanasema amepoteza akili, kumbe akili iko, inatembea tu kwa miguu. (Mama mmoja: "Iyo ni kweli kabisa!") Asante, mama. Hilo nimelisema mwenyewe, sikuandikiwa.

Kwa hiyo, kwa ujasiri wangu unaojulikana, ninawakabidhi leo Kituo cha Kisasa mnachokiona nyuma yangu. (Watu wanainua shingo. Nyuma yake kuna mawe meusi ya volkano, mbuzi mmoja, na kalikoti, kitambaa kirefu kilichotandazwa na kuchorwa nyumba ya ghorofa.) Vitanda makumi ine, mashine ya kupiga picha mifupa, chumba cha kupasulia macho, na parkingi ya magari ya wageni, kwa kuwa wageni watakuja wengi kujifunza kwetu.

Mama Apolline Nabintu, mbona umesimama? Ikala, miguu yako inakuhitaji. (Mama Nabintu: "Koordonateri, ulisema ivi ivi kule kartie ya Majengo, mwaka yenye ilipita. Nilikamata kipande ya utepe yenye mulikata, nikaifunga ku kikwembe." Anafungua fundo kwenye pembe ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, anainua kipande cha utepe mwekundu. Kelele.) Angalieni, wapendwa, mufano hai! Wataalamu wanaita hali hii kukumbuka kupita kiasi, nayo inapata wazee wachache ambao hawajafuata matibabu. Mama, tutakuandika wa kwanza. Na ule utepe wa Majengo ulikuwa wa... ulikuwa wa nini ule? (Anamwinamia katibu wake.) Wa uzinduzi wa maandalizi. Tusichanganye mambo.

Sasa, utepe wa leo utakatwa na Papa Evariste Habumugisha, miaka makumi munane na moja, seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya kartie hii, na ambaye macho yake yote mawili yamefunikwa na kataraki, ule utando mweupe. Wengine waliomba nafasi hii, lakini walikuwa wanaona vizuri, komite ikawakataa. Papa hajakula tangu jana saa kumi, kama tulivyomuagiza, kwa sababu leo, humu ndani, dokta atamufungua macho amuone mujukuu wake Élodie, ambaye miaka mitatu anamujua kwa sauti tu. Muzee, uko tayari? (Papa Habumugisha, akitabasamu: "Niko tayari, mutoto yangu. Asubui nilioga, nikavaa shimizi, ile shati yangu ya ndoa.") Oneni imani! Shika mukasi, kata, muzee! (Anakata. Mpiga picha anapiga picha upande wa Koordonateri.)

Macho ya wazee! (Safu ya mbele: "Oyee!") Magoti ya wazee! ("Oyee!") Kuzeeka kwa heshima! (Wote wanamtazama muzee. Papa Habumugisha amepita utepe, mikono mbele. Vidole vyake vinagusa kalikoti, vinaifuata mpaka pembeni, vinaishia hewani. "Mulango iko wapi? Miye ni seremala, najua mulango. Hapa nasikia upepo tu.") Muzee, usiharakishe proje, mradi unaenda kwa hatua. Mulango uko katika Faze ya Pili, pamoja na kuta.

Namaliza kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao wameahidi kutuahidi. Namushukuru muchoraji wa kalikoti, fundi wetu wa pekee mupaka sasa. Namushukuru mwenye kiwanja, aliyetuazima mupaka saa sita. Namushukuru dokta, tukishamupata. (Papa Habumugisha: "Basi, na kesho nisikule tena?" Mama Nabintu anaokota kipande cha utepe, anakifunga kwenye kikwembe pamoja na kile cha Majengo, kisha anamshika muzee mkono. "Papa, twende kwangu. Iko bugali na samaki ya sambaza.") Asanteni sana, Mungu awabariki. Na muzee, kabla hujaenda, mukasi. Ni wa mushonaji wa pale chini, anaungoja.