Nakala Nne za Riyama

Jumatatu, 3 Novemba
Kompyuta inataka mfumo mpya. Bila huo, programu ya video haifunguki. Ijumaa ni hitima ya mwaka mmoja tangu afariki dada yangu Riyama, na nimewaahidi watu kwamba watamwona katika video. Video ina urefu wa saa mbili na nusu: amekaa kitini, anataja nyumba za mtaa wetu wa Sokomuhogo moja moja na waliokuwa wakiishi humo kabla hatujatawanyika. Mimi niliondoka nina miaka kumi na mbili, nikarudi nina sitini na sita. Nyumba yetu ilikwisha anguka. Imebaki katika video hiyo tu.

Binamu yangu Haroub ameomba nakala tena. Nimemwambia aje aione kwangu, kama wengine. Anaandika historia ya mtaa. Na mimi naandika.

Jumanne, 4 Novemba
Nafasi haitoshi. Mfumo unataka gigabaiti ishirini, zipo nne. Nimefuta mchezo wa karata. Zipo nne.

Faiza, binti wa marehemu, amepiga simu. Mjomba, mpe fundi. Fundi ni mkwe wa Haroub. Sikumpa.

Jumatano, 5 Novemba
Mla nafasi ni mimi mwenyewe. Aliyepoteza nyumba huweka nakala. Video ya Riyama ipo mara nne: Akiba, Akiba ya Akiba, Ya Mwisho, Ya Mwisho Kabisa. Nimefuta tatu za mwanzo. Pipa la taka nalo nimelimwaga. Sasa zipo ishirini na nane. Haroub hawezi kazi hii.

Alhamisi, 6 Novemba
Mfumo umekaa. Rangi nzuri. Nikafungua Ya Mwisho Kabisa. Hamna video. Mna alama tu ya kuonyesha video ilipo, yaani kwenye Akiba. Kibao kinachoelekeza nyumba iliyoanguka.

Nimeifungua mara kumi na tisa. Baada ya Alasiri nikampigia Faiza. Hakulia. Aliuliza kama kuna mtu mwengine niliyempa nakala. Nikasema hakuna. Akasema, haya Mjomba.

Ijumaa, 7 Novemba
Hitima. Nimewaambia watu kwamba umeme ndio ulioharibu. Haroub akauliza, umeme gani, Hakim, mbona kwetu haukukatika?

Baada ya halua akanivuta ngazini. Akakiri kwamba mwezi wa Ramadhani, alipokuja kuitazama, aliirekodi kwa simu nyuma ya bega langu. Dakika kumi na moja. Picha imelala upande, kikohozi changu kimejaa humo. Riyama anataja nyumba sita. Ya saba ni yetu. Anasema “halafu”, inakatika.

Nikamwita mwizi. Kisha nikamshika mkono, sikuweza kuuachia.

Jumapili, 9 Novemba
Haroub ameleta dakika zake. Simu yake imejaa, kwa hiyo kazihamishia kwangu, kwake kafuta. Kaniusia nimtolee Faiza nakala leo leo, nisingoje kesho. Faiza naye amepiga: hata sauti tu, Mjomba.

Nimesema inshallah. Nikimpa leo, atasema imetoka kwa Haroub.

Tena kompyuta imeleta tangazo. Mfumo mpya una marekebisho, yanataka gigabaiti tisa, zipo nane. Nimekagua. Video ya Haroub ipo pawili, kwenye Vilivyopokelewa na kwenye uso wa kompyuta. Nimefuta ya Vilivyopokelewa, nikamwaga pipa. Ya pili ipo salama, alama yake naiona kwa macho yangu.

Nimebonyeza Anza.