Fahali Trevor na Kanuni za Ukokotaji Salama

Ilitangazwa rasmi, mbele ya bendera mbili na sinia la keki za nazi, kwamba Halmashauri ya Gundabilla, huko magharibi ya Queensland, Australia, imekuwa halmashauri ya kwanza duniani kuanzisha Dawati la Ukokotaji. Dunia haikujibu. Bwana Graeme Sproule, aliyeteuliwa kuwa Afisa Mkuu wa dawati hilo, hakuikasirikia. Alijua mambo mazito huchukua muda kueleweka.

Graeme mwenyewe alikuwa hajawahi kukokota kitu maishani, hata toroli. Meya, Mheshimiwa Leckie, aliona hiyo ni sifa: huyu ni afisa asiye na mazoea mabaya. Basi Graeme akajifungia ofisini wiki kumi na moja, akatoka na kurasa mia mbili na nne za Kanuni. Chombo chochote chenye umri wa zaidi ya miaka ishirini kisikokote bila kibali. Kwa kuwa mjumbe mmoja alifuga ngamia na hakutaka wasahauliwe, chombo kilielezwa kuwa ni kitu chochote kiendacho kwa magurudumu au kwa miguu. Tela nalo ni chochote kinachokuja nyuma ya chombo kwa nguzo, mnyororo au kamba, na kila tela liwe na taa mbili nyekundu nyuma, vikinga tope na namba. Graeme alimsomea mkewe ibara hiyo wakati wa chai. Mkewe akasema ni nzuri, akaenda kuanua nguo.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Merle Dunkley, mfugaji wa miaka sitini na tatu, mwenye gari la porini la mwaka 1988 ambalo rangi yake ilikuwa imebaki kwenye milango tu. Merle alikuwa na shida moja: kumfikisha fahali wake, Trevor, kwenye maonyesho ya kilimo Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Trevor alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Akishinda wa tatu, kombe lingebaki kwa Merle moja kwa moja. Akichelewa, hesabu inaanza upya, na Trevor hakuwa ndama tena.

Graeme alifika na ubao wa kuandikia na kofia mpya.

"Springi za nyuma?" aliuliza.

"Mpya," alisema Merle. "Nimeongeza jani moja kila upande, makalio ya gari yasikae chini."

Graeme alitazama chini ya gari, akaandika: *Majani yapo.*

Merle alimzungusha. Nguzo ya kukokotea ilikuwa imefungwa kwa nati kwenye chasisi, si kwenye bampa. Mbele ya rejeta palikuwa na rejeta nyingine ndogo ya kupoza mafuta ya giaboksi. Kando ya usukani kulikuwa na kitufe cha breki za tela, na vioo vya pembeni vilichomoza kama masikio ya punda. Yote hayo aliyafanya mwenyewe, chali mchangani, tangu Pasaka.

"Tela pamoja na Trevor ni tani mbili na robo," alisema. "Gari linaruhusiwa mbili na nusu. Nimepima kwenye mizani. Siri ni moja tu, Graeme mwanangu: uzito ukae mbele kidogo ya ekseli. Ukiuweka nyuma, tela linatikisa mkia, mkia unatikisa gari, na wewe huyo mtaroni."

"Nadharia hiyo haimo kwenye Kanuni," alisema Graeme kwa upole. "Fahali atasimama wapi?"

"Si nimekwambia. Mbele kidogo ya ekseli. Nimeweka ubao wa kumzuia."

"Na yeye ameafiki?"

"Nani?"

"Abiria. Fomu namba tisa, Tamko la Abiria Kuhusu Mahali Atakaposimama. Lazima atie sahihi."

Merle alimwangalia kama mtu anayekumbuka kwamba aliwahi kumbadilisha nepi mtu huyu. Kisha akaichukua fomu, akaenda zizini, akaupaka oili chafu ukwato wa Trevor na kuugandamiza kwenye karatasi.

Graeme aliichunguza sahihi ile. "Huu ni mguu upi?"

"Wa kushoto. Ndio alionipa."

"Sahihi hutiwa kwa wa kulia. Hili sasa ni suala la kamati. Kamati inakaa Jumatatu."

"Maonyesho ni Jumamosi."

"Ndiyo, kwa hiyo hutakuwa na haraka."

Merle alichomoa fomu tupu za namba tisa kwenye ubao wa Graeme, akazikunja na kuzitia mfukoni. Alikuwa amemlea fahali yule kwa chupa tangu mama yake alipokufa kwenye ukame, akimlaza jikoni karibu na jiko. Graeme aliandika: *Mwombaji ameridhika.*

Jumamosi asubuhi Halmashauri ilizindua Ofisi Tembezi ya Ukokotaji Salama, nyumba ya magurudumu ya tani mbili, nyeupe pe, iliyofungwa nyuma ya gari jipya la Meya. Dirisha la kuhudumia wananchi lilikuwa nyuma, kwa hiyo makabati ya chuma yenye fomu zote yaliwekwa nyuma pia na kufungwa kwa nati sakafuni. Graeme alikuwa amebuni mpangilio huo. Kibali hawakujipa, kwa kuwa gari lilikuwa jipya na halikukihitaji.

Garini walikuwamo Meya, wajumbe wanne na Graeme. Walipomaliza mteremko wa kijito, Ofisi ilianza kutikisa mkia. Ilitikisa taratibu, kisha kwa bidii. Meya aliuliza kama hiyo ni kawaida. Graeme alikuwa akiitafuta kawaida kwenye faharasa pale gari lilipozama pua mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila keki ya nazi ilikaa kwenye tai ya Meya. Ofisi ilisimama ikiwa imeziba njia yote.

Haukupita muda, likatokea gari kuukuu likienda mwendo wa mguu. Usukani aliushika Merle. Nyuma ya gari kulikuwa na robota la majani makavu, na nyuma ya robota, bila kamba wala mnyororo, alikuja Trevor, pua juu, akiyafuata. Kanuni hazikukataza kufuatwa.

"Hamjambo," alisema Merle. "Mmenizibia."

"Tuvute, Merle," alisema Meya. "Natakiwa kuhutubia saa sita kasorobo."

"Sina kibali, Mheshimiwa."

Meya alimgeukia Graeme. Graeme akaanza kueleza habari ya kamati, akaiona sura ya Meya, akatoa muhuri. Kibali kilitolewa papo hapo, kwa ofisi moja tu na kwa safari moja tu.

Merle aliifungua Ofisi kwenye gari la Meya, akaifunga kwenye lake, akaipitisha minyororo kwa msalaba, akaunganisha breki, akatikisa kichwa. "Uzito wote uko nyuma. Hamisheni hizo karatasi mbele."

"Makabati yamefungwa kwa kufuli," alisema Graeme. "Ufunguo uko mjini."

"Basi mtasimama nyinyi. Zimebaki kilomita tatu, nitakwenda polepole. Wote humo ndani, mbele kabisa." Akatoa mfukoni karatasi zilizokunjwa. "Na kila abiria atanijazia namba tisa."

Wajumbe walitia sahihi. Meya alitia sahihi.

"Kwa mkono wa kulia, Mheshimiwa," alisema Merle. "Tusije tukarudia kazi."

Ikabaki shida ya Trevor, maana robota sasa lilifichwa na Ofisi. Merle alimkabidhi Graeme kamba na kumkumbatisha majani. "Mpe kidogo kidogo. Yakiisha njiani, shauri yako."

Gari kuukuu liliondoka limenyooka, halitingishiki, na dirishani uso wa Meya ukionekana mbele kidogo ya ekseli.

Majani yaliisha mita mia nne kabla ya lango la maonyesho. Wakati huohuo Trevor alinusa ng'ombe jike mia moja na ishirini. Graeme alifika langoni saa sita kasoro dakika kumi, mikono mbele, visigino vikichimba mifereji miwili barabarani.

Langoni alisimama Tamsin, karani wake, ambaye Graeme mwenyewe alimfundisha siku tatu nzima asimpitishe mtu, hata mama yake mzazi.

"Simama, Bwana Sproule. Mnakokotana kwa kamba. Kibali?"

"Tamsin, mimi ndiye ninayemkokota."

Tamsin aliitazama mifereji miwili ya visigino, akafungua Kanuni. "Anayekuja nyuma ya kamba ni wewe. Chombo ni fahali. Ana umri gani?"

"Saba," alisema Merle, aliyekuja mbio kutoka ndani.

"Chini ya ishirini. Hahitaji kibali. Apite." Tamsin alimzunguka Graeme na kumkagua kwa nyuma. "Tela halina taa, halina vikinga tope, halina namba. Tela linabaki."

"Mimi ndiye niliyeiandika hiyo ibara," alisema Graeme.

"Imeandikwa vizuri sana, bwana. Nani anaweza kukuachia?"

Graeme aliivua kofia yake mpya. "Kamati. Jumatatu."

Merle alichukua kamba, akaingia na Trevor uwanjani zikiwa zimebaki dakika tano. Tamsin, kama Kanuni zinavyoagiza kwa tela lililozuiwa, aliweka jiwe nyuma ya kila kiatu cha Graeme.

Kutoka pale Graeme aliusikia ushindi wa Trevor kwenye kipaza sauti. Aliyemtangaza ni Meya, kwa sauti ya mtu aliyesimama kwa muda mrefu. Graeme aliisoma ibara yake mara tatu akitafuta tundu la kupenyea. Hakuliona hata moja, na pamoja na mateso yake yote alijisikia fahari kidogo.

Alasiri Merle alikuja, kombe kwapani, soseji ndani ya mkate mkono mmoja na boksi la vifaa mkono wa pili. Alimpa soseji. Kisha akafungua boksi na kutoa taa mbili nyekundu.

"Geuka, mwanangu," alisema. "Nikufungie hizi, urudi kwa mkeo."