Daraja Kati ya Vilele Viwili

Jumatatu, 3 Machi
Profesa katangaza: nafasi ya kwenda mkutanoni ni moja, na sisi tuko wawili. Mimi na Miwani, jirani yangu wa meza, mtu wa kufuta hata chupa tupu. Atakayeleta grafu bora Ijumaa ndiye atakayepanda ndege. Nimeshamwambia mama ni mimi. Mama naye kashautangazia mtaa mzima.

Kazi yenyewe mchezo. Molekuli pacha, za kushoto na za kulia, kama viatu vya jozi moja. Unazipitisha kwenye safu, yaani bomba jembamba lililojazwa unga, zinaachana njiani. Grafu inatoa vilele viwili, cha zinazotangulia na cha zinazochelewa. Basi!

Jumanne, 4 Machi
Si basi. Vilele vimetoka, lakini katikati pamenyanyuka kitu, kama daraja. Uchafu! Nimesafisha safu asubuhi, nikasafisha tena mchana. Wapi! Nikachungulia kwa Miwani: ana daraja hilohilo, na anatabasamu. Maskini wa Mungu. Sikumwambia kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 5 Machi
Nimeweza! Nimeshusha joto la safu mpaka baridi ya kugandisha. Daraja limetoweka, vilele vimebaki safi. Nimecheza peke yangu mpaka fundi wa mashine akauliza kama nimeingiliwa na siafu.

Ijumaa, 7 Machi
Jamani, aibu! Profesa kauliza daraja liko wapi. Nikajibu kwa madaha kwamba nimeliondoa. Akavuta kiti, akakaa. Kumbe daraja ndilo tulilokuwa tunalitafuta! Ni molekuli zinazogeuka njiani, ya kushoto inakuwa ya kulia, ya kulia inakuwa ya kushoto, ndiyo maana zinafika katikati. Kwenye baridi hazigeuki. Nimezizuia kufanya jambo lenyewe tunalolichunguza! Miwani ndiye anayekwenda. Nimeumia, sifichi. Mama sijamwambia.

Profesa hana kinyongo. Kasema nirudie, nipandishe joto kidogokidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Kidogokidogo ni kwa waoga. Anataka daraja? Nimepandisha joto mpaka mwisho. Lo! Kilele kimoja tu, kinene kama mlima! Fundi anadai zimegeuka haraka mno, safu imeshindwa kuzitenganisha, hapo hapapimiki kitu. Wivu tu. Daraja limekuwa kubwa mpaka limemeza vilele vyote viwili! Kesho alfajiri nampelekea Profesa, kabla Miwani hajafunga begi. Nimempigia mama: safari iko palepale.